Siku Mbili za Kabula

Jambo lote lilitugharimu mifuko minne ya saruji, matoroli ya mchanga niliyoyahesabu peke yangu, na beberu mmoja. Beberu ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Wakati huo, mwanangu, ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi. Nilikuwa dalali wa ng'ombe mnadani Masumbwe, na sikuona wa kunishinda kwa maneno. Kabula, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa amefikia umri wa darasa la kwanza. Miguu yake haikumbeba. Alitembelea baiskeli ya kuendesha kwa mikono. Mwalimu mkuu akasema darasa lina ngazi, na hana mtu wa kumbeba mtoto kila siku.

Mimi nikasikia mnada umefunguliwa. Nikaanza kwa kumtolea beberu, akamkataa. Basi aje siku nne kwa wiki? Akasema moja. Tukavutana mpaka tatu, nikampa mkono haraka kabla hajageuka.

Nyumbani nikajisifu kwa mama yangu, aliyekuwa akipepeta mpunga. Hakuinua macho.

"Na zile siku mbili umemuuzia nani?"

"Sijauza, Mayu. Ukipatana, unaachia kidogo."

"Unaachia cha kwako. Hizo ni za Kabula."

Kabula naye, mlangoni: "Baba mdogo, siku hizo wenzangu watakuwa wanasoma nini?"

Jioni hiyo nikaenda kuulizia mkubwa wa mwalimu mkuu ni nani.

Kesho yake tukamfuata ofisa elimu kata. Akatueleza sheria ya watu wenye ulemavu: mtoto kama Kabula ana haki ya kusoma na wenzake, na shule ndiyo ya kumtengenezea njia. "Hapa hakuna cha kupatana," akasema, akinitazama mimi.

Tulipomrudia na maneno hayo, mwalimu mkuu akaelewa, akaomba tu tumsaidie saruji. Wazazi tukajenga njia ya mteremko juu ya zile ngazi, mafundi wakamla beberu. Kabula akasoma siku zote tano, na Jumamosi akanuna kwa nini shule imefungwa. Leo ni mwalimu, kule Isaka.

Mwanangu, patana bei ya ng'ombe, ya mpunga, hata nauli ya bodaboda. Ila kabla hujaomba, uliza kama unachoomba si chako tayari. Na haki ya mwenzio usiipunguze ili uonekane mjanja. Mungu akujalie milango mipana na watu wa kukuuliza maswali magumu mapema.

Sasa na wewe nishauri. Ofisi mpya ya kijiji ina ngazi nne, nimezihesabu mara mbili, na magoti yangu yanaishia ya pili. Niende mwenyewe kwa mtendaji, au nimwite Kabula? Maana nikienda mimi, naogopa tutapatana zibaki mbili.