Ishara ya Uhalali

Mtaani walimwita Mama Vidole, wala hakuwahi kuchukia. Alizaliwa na wazazi wawili viziwi, akajua kuomba maji kwa mikono kabla ulimi wake haujajua kusema mama. Tangu utotoni alikuwa ndiye sikio la nyumba: fundi bomba akija, yeye, daktari akiuliza, yeye. Alipokua akaifanya kazi ile ile hospitalini, kila asubuhi, akiwatafsiria wagonjwa viziwi. Maneno ya huko yalishamkaa mikononi. Homa, mimba, sindano, kunywa baada ya chakula; hata kwa usingizi angeyatafsiri.

Kwa hiyo chuo kikuu kilipompigia simu, aende kumtafsiria mwanafunzi kiziwi aliyepata nafasi ya kusoma sayansi ya siasa, alidhani ni kazi ya kuingia na kutoka. Mwanafunzi apange kozi zake na mshauri wa masomo, kisha kila mtu ashike njia yake.

Mwanafunzi alikuwa kijana mrefu, nyusi yake ya kushoto imekatwa na kovu. Viziwi wenzake walimwita kwa kupitisha kidole juu ya nyusi, na sisi tumwite Nyusi. Mshauri wake alikuwa mhadhiri wa kike, miwani imening'inia kifuani, ofisi yake nyembamba kiasi kwamba magoti ya watu watatu yalikaribia kugongana. Alianza kwa kumtazama Mama Vidole: mwambie hivi, mwambie vile. Mama Vidole akamweleza taratibu kwamba aseme na mwanafunzi mwenyewe. Mhadhiri akaomba radhi, akakigeuza kiti chake.

Akaeleza mpango wote. Kuna kozi za lazima na kuna za kuchagua, na nyingine huwezi kuzigusa kabla hujapita mlango wa kwanza. Kwa maoni yake, Nyusi angeanza na utawala wa umma na serikali za mitaa, kozi zenye mambo ya kushikika. Nadharia ya siasa ingesubiri hadi mwaka wa mwisho. Ni kozi ya maneno mazito, alisema, tena hufundishwa asubuhi, na sijui tutampata wapi mkalimani wa kuiweza.

Nyusi alifuata mikono ya Mama Vidole mpaka ikatulia. Kisha akajibu, naye Mama Vidole akampa sauti: "Siwezi kusoma jinsi wanavyotawala kabla sijajua ni nani aliyewapa haki ya kutawala."

Mhadhiri akavaa miwani. Akasema hilo ndilo swali lenyewe, na wataalamu wana neno lake: uhalali.

Hapo Mama Vidole akakwama. Halali ya kuoa aliijua, halali ya kula aliijua. Hii ya kutawala haikuwa na ishara katika mikono yoyote aliyowahi kuiona. Akalitamka neno kwa vidole, herufi moja moja, akijiona kama mtu anayemhesabia mgeni mawe badala ya kumkaribisha ndani. Nyusi akauliza maana yake. Mama Vidole akamgeukia mhadhiri, akasema hata yeye haijui.

Mhadhiri akafikiri. "Mtu usiyemjua akikwambia simama barabarani, utamuuliza wewe nani. Mlinzi wa pale getini akikwambia simama, unasimama, na wala hajakugusa. Kitu gani kimekusimamisha?"

Mama Vidole akatafsiri. Nyusi akatazama dirishani, mikono mapajani. Kisha akainua kiganja kimoja juu ya kichwa, kimelala, kama dari. Mkono wa pili ukapanda kutoka chini, vidole vimetawanyika kama watu wengi, ukakibeba kile kiganja. Akauacha hapo kidogo. Halafu akauondoa mkono wa chini, na ule wa juu ukaporomoka mpaka magotini.

Hakuna aliyemtafsiria mhadhiri, wala hakuhitaji. Miaka yote amefundisha neno lile, akasema baadaye, hajawahi kuliona likianguka.

Mama Vidole naye alihisi nywele zikimsimama. Lugha hii aliizoea kama sufuria za nyumbani kwao: ya kuulizana chumvi, ya kuambiana mvua inakuja. Hakujua kwamba ndani yake mna nafasi ya kuweka nchi nzima, tena nchi nzima na sababu ya kusimama kwake. Aliitazama mikono yake mwenyewe kama mtu aliyeambiwa kwamba chini ya nyumba aliyopanga siku zote kuna nyumba nyingine, kubwa zaidi.

Mhadhiri akaiandika nadharia ya siasa kwenye muhula wa kwanza, kisha kalamu ikasita. "Na mkalimani?"

"Nipo mimi," alisema Mama Vidole, kabla akili haijamuuliza kuhusu hospitali.

Kesho yake alipiga moyo konde akaenda kwa muuguzi mkuu, mama asiyecheka na mtu, kuomba zamu za mchana. Muuguzi mkuu alitaka kujua ni ugonjwa gani huo wa chuoni unaoshinda wagonjwa wake. Mama Vidole alijaribu kumweleza, maneno yakamwishia, akainua mikono akaifanya ile ishara. Muuguzi mkuu akaitazama, akashusha pumzi, akahamisha zamu.

Muhula ule ulimtoa jasho. Nyumbani alisoma ya darasani kabla ya Nyusi mwenyewe kuyasoma, mumewe akimtania kwamba shahada itatoka na majina mawili. Nyusi alibuni ishara, yeye akazijaribu, nyingine wakazitupa, na wanafunzi wa mbele wakaanza kuacha kalamu ili watazame.

Walipokaa tena na mhadhiri kupanga muhula uliofuata, Nyusi aliomba kozi ya takwimu, yenye maneno mengine mapya yasiyo na ishara. Mama Vidole akacheka, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akatafsiri kama ilivyosemwa.