Mzee Hyasinti na Samaki Asiyekuwepo

Kule kijiji cha Ruanda, milimani Mbinga, Mzee Hyasinti Kapinga hakujulikana kwa kahawa yake, ingawa ilikuwa nzuri, wala kwa ubishi wake, ingawa alikuwa nao wa kumwaga. Alijulikana kwa mguu wake wa kushoto.

Mguu huo ulipata jina mwaka ule wanunuzi binafsi walipomiminika Mbinga kugombea kahawa. Mnunuzi mmoja, ili awapate wakulima, aliwachukua wachache akawapeleka Dar es Salaam wakaone meli. Wakaona meli. Kisha wakapelekwa ufukweni kupumzika, na Hyasinti akakunja suruali ya suti, akaingia baharini kwa hatua za mtu anayekagua shamba lake. Akamkanyaga taa. Taa ni samaki bapa, mpana kama ungo, hujifukia mchangani na mkiani ana mwiba wenye sumu. Wavuvi walimtoa Hyasinti akipiga kelele za kuzaliwa upya, wakautumbukiza mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, maumivu yakapungua. Wakamfundisha: ukiingia majini usinyanyue miguu, iburute mchangani, taa atashtuka na kwenda zake.

Alirudi Ruanda shujaa. Vilabuni alivua kiatu kabla hajaagiza pombe. Kovu lilikuwa dogo kama punje ya mtama, lakini kwa maelezo yake lingetosha jeshi zima. Nani angembishia? Ruanda nzima hakuna aliyewahi kumwona taa.

Sasa mzee huyu alikuwa na binti, Asteria, kitinda mimba, muuguzi wa zahanati kule Lundo, chini ziwani. Huko akapendana na mwalimu Aidan, kijana wa Kianglikana. Mshenga akapanda mlima, mahari ikapokelewa, hata suala la kanisa likamalizwa bila ngumi. Lilibaki neno moja tu la baba: natoa. Hyasinti akagoma kulitamka.

"Nitolee wapi? Majini?" alimaka. "Nikaone kwanza hayo maji."

Basi likizo ya Krismasi akateremka Lundo na mkewe Gaudiosa, gunia la maharage, na chupa mbili za chai ambazo hazikuwa na chai. Zilikuwa na maji ya moto.

Mama yake Aidan, Albina, mjane mwenye sauti ya kuita mitumbwi, aliwapokea kwa ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma. Kaka yake, Mzee Cuthbert, msimamizi wa ukoo, alikuja kukaa nao. Hyasinti alikula samaki wao mpaka mifupa ikang'aa, akanawa, akauliza hapa taa wako wangapi.

"Hakuna, mkwe," alisema Cuthbert. "Huyo ni wa baharini, kwenye chumvi. Sisi hapa tunamwogopa mamba. Ndiyo maana hatuogi karibu na mdomo wa mto, wala mtu haogi peke yake jioni."

"Mamba anaonekana," Hyasinti akajibu. "Mnyama anayeonekana hana shida. Umewahi kuangalia chini kote?"

"Kote wapi?"

"Huko chini. Mpaka Malawi."

Cuthbert akakiri kwamba hajaangalia mpaka Malawi. Hyasinti akamtazama mkewe, kama kusema, umeona?

Kuanzia kesho yake likawa somo. Mzee alisimama ufukweni na fimbo, akamzuia kila anayeingia majini mpaka aburute miguu. Wavuvi waliozaliwa na ziwa hili waliburuta miguu, kwa heshima ya mkwe. Vijana walipoona mwendo wenyewe una mdundo wakautia kwenye ngoma yao ya mganda, na Jumapili baada ya ibada ngoma ikachezwa yote kwa kuburuta, safu mbili, vumbi mpaka kanisani. Hyasinti aliona fahari. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Lakini usiku hakulala vizuri. Kuburuta ni kwa mwenye kumbukumbu, na Asteria tangu utoto alikuwa msahaulifu. Ndipo akawaza kama Mmatengo. Kwao milimani wanalima kwa ngoro: nyasi hulazwa miraba miraba mtelemkoni, udongo hufunikwa juu yake, katikati hubaki mashimo yanayonasa maji ya mvua yasiondoke na shamba. Kama shimo linanasa maji, yanayokwenda mbio, litashindwaje kunasa samaki anayetambaa?

Alfajiri akachukua jembe la mwenyeji wake bila kuomba, akashuka mpaka nyuma ya mawe, wanakooga wanawake. Mwanamume, mgeni, mkwe, na jembe, mahali pale! Akalaza nyasi, akachimba majini ngoro nne za kina cha kiuno, akazipanga vizuri kabisa. Mawimbi yakafuta matuta palepale. Mashimo yakabaki chini, hayaonekani. Akaenda kunywa uji, roho kwatu.

Albina ndiye aliyetangulia kuoga. Aliingia na ndoo, maji ya magoti, hatua ya pili akazama mpaka kifuani. Sauti aliyoitoa iliwafikia wavuvi ng'ambo ya rasi, wakageuza mitumbwi.

Hyasinti akatoka mbio na chupa zake, alizozijaza maji ya moto upya kila asubuhi. "Amechomwa! Mwiba msiung'oe!"

Wanawake walikuwa wamekwisha kumfunga Albina kitenge na kumkalisha mchangani, kifundo cha mguu kimevimba. Hyasinti akaomba beseni, akamimina, akayapima maji joto kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga, akautumbukiza mguu wa mkwe wake.

"Unasikia nafuu?"

"Nasikia," alisema Albina kwa meno yaliyobanana. "Lakini sikuchomwa, mkwe. Nimetumbukia. Ziwa hili nimelioga tangu sijaota meno, halijawahi kuwa na shimo lenye kona."

Watu wakamgeukia Hyasinti. Gaudiosa akajifunika uso kwa khanga.

Cuthbert akakohoa. "Mkwe, tumekuvumilia. Tumeburuta miguu mpaka makanisani. Leo, mbele ya watu hawa, useme. Unatoa, au tukurudishie mtu wako mpande naye mlima?"

Hyasinti akaokota chupa zake, akaanza kuzifunga vifuniko. Aidan alikuwa amesimama kando, uso umemwishia damu. Asteria, aliyekuja mbio kutoka zahanati, hakungoja. Akavua viatu akaingia ziwani na gauni lake, hakuburuta hata kidole, maji yalipomfika kiunoni akajilaza akaogelea. Akaenda. Akaenda mpaka kichwa kikawa kidogo.

"Rudi!" baba akapiga kelele. "Asteria! Miguu!"

Miguu gani? Kule hakuna chini ya kuburuta. Jambo hili halikuwahi kumjia Hyasinti, kwamba mtu anaweza kufika mahali ambapo maarifa yake yote hayana pa kukanyaga. Akaingia kumfuata, suruali na kila kitu, akiburuta, akiburuta, mpaka maji yakamfika kifuani akashindwa kusonga.

Asteria akarudi mpaka alipo. "Baba, unaogopa nini?"

"Taa."

"Baba."

Akatazama pembeni. "Naogopa ile nyumba," akasema. "Ukiolewa hutarudi tena hata likizo, mimi na mama yako tutakaa tunatazamana tu. Nani atakuwa ananibishia?"

Asteria akamzunguka, akasimama nyuma yake. Kisha akasema, "Nyanyua miguu."

"Nife?"

"Nyanyua. Nimekushika."

Akanyanyua. Binti akamwekea viganja mgongoni, mzee akalala juu ya maji, tumbo mbinguni, kovu lake maarufu likipunga upepo. Hofu ilimjaa mpaka kooni, na chini ya hofu kulikuwa na raha ambayo hakuitegemea. Akauliza akiachiwa itakuwaje. Akaambiwa ataelea.

"Basi niachie," alisema.

Akaachiwa, akaelea.

"Mkwe!" Cuthbert aliita kutoka mchangani, maana shughuli ni shughuli. "Unatoa au hutoi?"

"Natoa!" akajibu Hyasinti kwa nguvu zote, na kwa kuwa alifungua kinywa chote maji yakaingia, akazama kama jiwe.

Aidan ndiye aliyemfikia, akamburuta mpaka nchi kavu. Vigelegele vilikuwa vimekwisha kuanza, lakini Cuthbert akainua mkono: neno la mzazi halipokelewi kutoka kwa mtu anayezama, lirudiwe. Hyasinti akalirudia akikohoa, ameushika mkono wa Asteria, na watu walipokwisha kushangilia bado alikuwa ameushika, mpaka Gaudiosa akamwinamia na kumwambia taratibu auachie.