Manivele Haikutoka Mkononi mwa Papa

Usiniambie nilikuwa na homa. Kiti alichokalia yule mtu nilikileta mimi mwenyewe, mchana, na mpaka leo ninacho. Sikiliza tu.

Baba yangu, tuliyemwita Papa, alikuwa dereva wa kwanza kilimani kwetu, upande wa Nyamitaba. Ndiyo, najisifu, na bado sijaanza. Mzungu mwenye shamba alipozeeka akarudi kwao, alimwachia kamioneti yake kuukuu kwa miaka yote ya kazi. Papa akabeba nayo maharagwe, wagonjwa na maharusi, mpaka macho yake yakachoka. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru alipokubali kuiuza. Mimi, binti yake niliyesoma kwa masista, nikaweka sheria moja: mgeni hajaribu gari bila mimi kuwemo. Tulishasikia habari za wazee walioachwa porini, gari likaenda.

Ila kitu kimoja kilinitia aibu. Kwetu ukiuza ng'ombe, unamsindikiza mpaka mto wa mwisho wa kilima chako, hapo unamvua kamba na kurudi nayo nyumbani, baraka isiondoke na mnyama. Papa alitaka kufanya hivyohivyo na gari. Kamba yake ilikuwa manivele, kile chuma cha kuzungushia injini iwake. Nilimwambia gari si ng'ombe, na bila manivele nani atalitaka? Akacheka tu. Nikapanga moyoni kumpa mnunuzi chuma hicho kwa siri.

Mnunuzi alikuja siku ya ukungu, saa sita, baada ya mvua ya siku tatu. Barabara ilikuwa uji, na viatu vyake vilikuwa vyeupe safi.

"Natoka Pinga, Papa. Nasikia munauzisha kamioneti."

"Kilalo iko?" nikamuuliza habari za daraja, maana mto wa mwisho wa kilima chetu ukijaa hula madaraja.

"Iko muzima, dada."

Tukampa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija. Alivuta muda mrefu, koo lake likicheza. Nikachungulia kibuyu: pombe haikupungua hata kidogo. Niamini. Kisha akaweka kifurushi cha pesa mezani bila kubishania bei. Sisi ambao hata chumvi tunaibishania! Nilipaswa kumfukuza palepale, lakini nilitaka mzee wangu apumzike.

"Papa, tuende sisi wawili tu, unionyeshe namna ya kuiendesha," akasema.

"Wawili hapana, tuko watatu," nikajibu. Nikazungusha manivele, injini ikaitika, nikajipenyeza katikati yao. Mwili wa yule mtu ulikuwa baridi hata kupitia nguo zangu.

Papa aliendesha kwa kumbukumbu tu. Kila kona aliijua, na mimi nilikaa pale nimejaa fahari kama mimi ndiye niliyemzaa. Tulipofika karibu na mto, ukungu ulifunika kila kitu mbele yetu.

"Endelea tu, Papa. Kilalo njo hii," mgeni akasema.

Papa akazima injini. Akashuka polepole, manivele mkononi.

"Hapa njo mwisho wangu. Kamba ya ngombe inabakiaka kwa mwenye alimulisha. Gari utavuta na wanaume wako. Hii haitoke."

Niliona aibu, wewe! Nikainama kumnong'oneza: "Papa, umupatie tu." Nikashika chuma nimpe yule mtu mimi mwenyewe. Akarudisha mkono wake nyuma.

"Hapana, dada. Anipe yeye, na mukono yake. Halafu tuvuke pamoja."

Papa akaninyang'anya manivele. Akamgeukia yule mtu, macho yake yasiyoona vizuri yamekaza.

"Sauti yako naijua. Siku ile nilikuambia mayi imejaa, usivuke. Ukanicheka, ukaenda na miguu, mayi ikakubeba. Na leo mimi sivuki."

Hakuinua sauti hata kidogo. Mzee wa kutetemeka magoti, amesimama mbele ya kitu kile kama mwenye nyumba mlangoni pake! Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Papa dakika ile.

Yule mtu akageuka. Akaingia ukunguni. Tukasikia hatua zake kwenye mbao, moja, nyingine, zikivuka mpaka ng'ambo. Nikasogea mbele hatua saba hivi, nikasimama. Chini yangu maji yalikuwa yananguruma. Daraja halikuwepo. Mto ulikuwa umelichukua, hata ubao mmoja haukubaki.

Nyumbani, kifurushi mezani kilikuwa kimelowa, na ndani mlikuwa na mchanga wa mtoni.

Kamioneti tuliiuza baadaye kwa mchuuzi wa Kashuga. Alitusumbua kwa bei siku mbili nzima na kumaliza kibuyu mpaka chini, nami nilimpenda kwa hayo. Manivele hakupewa, mhunzi alimfulia nyingine. Ya Papa inaning'inia juu ya mlango wangu, na siku za ukungu inadondosha maji, hata moto ukiwaka ndani.

Basi, ukimsaidia mzazi wako kuuza, kaa katikati yake na mgeni, na uchungulie kibuyu. Na desturi yake ikikutia aibu, nyamaza. Mimi niliyesoma ndiye niliyenyoosha mkono kutoa chuma kile. Aliyekataa ni baba yangu.