Simu ya Batani Juu ya Kichuguu

Mimi shule niliiachia darasa la tano na sijawahi kuijutia. Ukiuliza leo huku milimani, kuanzia Daudi mpaka Dongobesh, ni nani anayeshuka tambarare za Hanang masika na kiangazi bila simu yake kuzimika, utaelekezwa kwangu, kwenye nyumba ya bati jekundu. Wapo watu wa vyuo nawakuta mnadani mchana kweupe, simu zimekufa mikononi, wanapita kibanda hadi kibanda kuomba chaji. Mimi siombi chaji. Mimi naombwa.

Kazi yangu ni vitunguu saumu na mbuzi. Vitunguu nashuka navyo kutoka milimani, mbuzi nawapandisha. Nyuma ya pikipiki nimefunga paneli ya sola yenye ukubwa wa sinia, nimeikaza kwa mpira wa tairi, inatazama juu muda wote ninaotembea. Waya wake unaingia kwenye mkoba, na ndani ya mkoba kuna pawabenki niliyoivalisha soksi ya sufu, maana vumbi la Hanang linaingia hata ndani ya yai. Simu kubwa ya kupangusa inakaa kifuani chini ya koti. Ile ndogo ya batani inakaa mfuko wa suruali wenye zipu. Hakuna aliyenifundisha haya. Na nikilazimika kuacha simu kwa mtu aichaji, laini naitoa kwanza, natembea nayo, kwa sababu mali iko kwenye laini. Simu bila laini ni kipande cha plastiki. Namba ya siri nayo inakaa kichwani. Kuna mwalimu mmoja niliona ameiandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu hiyohiyo. Nilimwonea huruma.

Sasa siku moja ya masika nilishuka upande wa Basotu, kwa mzee mmoja mfugaji ambaye nimenunua mbuzi kwake miaka mingi. Mvua ilikuwa imekaa, mlima umejifunika shuka, jua hatujaliona tangu wiki ianze. Kwa kawaida mzee yule akisikia pikipiki yangu anaanza kabla sijashuka: "Mkulima wa vitunguu kaja na jua lake mgongoni!" Mimi nami namjibu kwamba bora mwenye jua mgongoni kuliko mwenye fimbo shingoni. Ndivyo tunavyoishi.

Siku ile alikuwa anatazama nyuma ya zizi. Nikaegesha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Za milimani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima, mzee."

Nikaletewa maziwa, nikanywa, maana kwao huwezi kuanza shughuli yoyote kabla ya kunywa. Habari za mbuzi hazikuja. Nyuma ya zizi kuna kichuguu kirefu, ndipo pekee penye mtandao katika boma lile, na juu yake alisimama mke wake, ameinua simu kama mtu anayeionyesha mawingu. Aliposhuka akaja akaiweka mbele yangu, nikaona kioo cheusi.

"Imezimika tangu jana," alisema.

Ndipo mzee akanieleza. Binti yao, mimba yake ya kwanza, alikuwa amepelekwa hospitali Katesh, anakouguzwa na mke wa kaka mkubwa wa mzee, maana kaka huyo anaishi kule mjini. Wauguzi waliwaambia mapema kwamba uzazi ukiwa mgumu watamhamishia Haydom, na ndugu wafuate haraka, damu itahitajika. Kaka ndiye angepiga simu. Nayo simu ya boma zima ni hiyo moja, na kipaneli chao kwa mawingu yale hakikuwa na msaada.

"Mama yake anataka kuondoka," mzee alisema. "Nimemzuia. Aende wapi? Katesh ni huku, Haydom ni kule. Akifuata njia siyo, binti atalala huko bila mtu wa damu yake, na sisi tutakuwa tunatembea tu."

Kanga ya safari mama alikuwa ameshaifunga.

Nikatoa pawabenki kwenye soksi. Nawaambieni, mawingu ya wiki nzima, lakini ilikuwa nusu, kwa sababu mimi huwa sianzi safari kabla haijajaa nyumbani. Nikachomeka. Tukakaa tukiitazama ile simu mpaka ikawaka, ikatoa kamlio kake, na mzee akapiga goti lake kwa kiganja. Halafu ikaomba namba ya siri ya laini.

"Nani anaijua?"

"Kijana wetu ndiye aliyeifunga," mzee alijibu. "Mtu mmoja aliibiwa laini mnadani, wakamaliza kila kitu chake. Kijana akaogopa."

"Yuko wapi?"

Mzee akanyoosha kidevu upande wa malisho ya mbali. Ng'ombe walihamishiwa huko, na kijana yuko nao.

"Bahatisha," akaniambia.

"Mzee, haibahatishwi. Ukikosea mara ya tatu inajifunga kabisa."

"Hii ni simu au ni mlinzi?"

"Ni mlinzi."

"Mlinzi gani anamfungia nje mwenye nyumba?"

Nikatoa simu yangu kubwa, nikamwambia basi anitajie namba ya kaka yake. Akacheka kicheko kikavu. "Namba? Mimi namtajia kijana jina, kijana anabonyeza." Namba anazozipiga sana kijana anazo kichwani, zilizobaki ziko ndani ya laini, na laini imefungwa.

Nikafikiri kumpigia mfanyabiashara mwenzangu wa Katesh, amtafute huyo kaka mtaani. Kwa haraka nikamgeukia mama. "Shemeji yako anaitwa nani?"

Mama akatazama chini, akaanza kuokota majani kwenye kanga yake. Nikashtuka. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wala la wakubwa wa mumewe, mpaka anazeeka, na mimi nimekula kwenye maboma yao miaka yote hiyo najua hivyo. Mzee akalitaja yeye. Nikapanda kichuguu, nikampigia mwenzangu, ikaita, ikaita, hakupokea, nikashuka.

Kulikuwa na ndama anakoroma zizini.

"Nipe hiyo," mama alisema.

Nikampa simu kubwa, nikamfungulia penye namba. Akaishika kwa mkono wa kulia, akaweka dole gumba juu ya kioo, likateleza. Akajaribu tena. Zikatokea namba tatu zinazofanana. "Hii haina pa kushika," akasema, akanirudishia kama mtu anayerudisha bakuli lenye ufa.

Nikaelewa. Nikafungua zipu, nikatoa ya batani.

Alipoipata hiyo hakuitazama kabisa. Aligeuza uso upande wa zizi, na dole gumba likaanza kutembea lenyewe: chini kabisa, katikati, pembeni, juu, tena chini, bila kusita. Mama yule hajui kusoma hata sifuri. Lakini kwa sababu hawezi kumwambia mwanawe "nipigie fulani," kila alipotaka kuongea na mke wa shemeji kupitia simu ya shemeji ilibidi ambembeleze mumewe alitaje jina, naye akawa anaangalia dole la kijana linapopita, mpaka akaishika njia nzima.

Mzee akamtazama kama mgeni. "Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipochoka kukubembeleza."

Akapanda kichuguu. Nasi tukasimama chini yake, wanaume wawili tumeinua shingo. Ikaita. Sauti ya mwanaume ikapokea, kubwa, mpaka sisi tukaisikia. Kaka alikuwa amepiga na kupiga tangu jana. Binti alichukuliwa na gari asubuhi ile kwenda Haydom, mkewe yuko naye, ndugu wanatakiwa.

"Haydom," mama alisema akiwa juu, akaanza kushuka.

Pawabenki na simu ya batani niliziacha kwa mzee, nikamwonyesha batani ya kijani. Pawabenki niliipakata kama mtoto kabla ya kumkabidhi, sifichi, lakini mtu mwenye vitu vizuri ndiye anayeweza kuviacha. Mama akapanda nyuma, paneli nimeihamishia mbele kwenye tangi. Hakunishika mimi, alishika keria kwa mikono yote miwili. Matope yalikuwa ya kufika kwenye ekseli, na dereva mwingine yeyote angemwangusha. Hakuanguka.

Haydom walimpima mama wakachukua damu yake. Wakachukua na yangu. Muuguzi alisema mishipa yangu ni kama ya kijana. Tukakaa kwenye benchi na yule mke wa shemeji yake hadi saa kumi na moja, mlango ukafunguliwa, tukaitwa.

Nilitoka nje, nikaipigia namba yangu mwenyewe, ya ile simu ya batani. Ilipokewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri."

"Barabara?"

"Matope, mzee, lakini tumefika."

"Pikipiki?"

"Nzima."

Mama kando yangu alikuwa anaitafuna ncha ya kanga. Lakini salamu ni salamu, siwezi kumkatiza mtu mzima.

"Haya. Sema sasa."

"Binti mzima. Kapasuliwa, yuko macho. Mtoto wa kike, naye mzima."

Nikasikia upepo wa kichuguu kwenye simu, na kengele za mbuzi. Kisha akasema, "Mpe mama yake."

Nikampa simu kubwa. Kwa kuongea tu haikuwa na shida, akaikumbatia kwa mikono miwili na kuongea kwa lugha yao, polepole, huku anazunguka ua wa hospitali. Mimi nikakaa juu ya pikipiki. Aliporudi akanikabidhi, uso umeloa.

"Amesema ukirudi uchague mbuzi unaowataka," alisema. "Ila yule jike mwenye mapacha usimguse. Tayari ni wa mtoto."

Nikamwambia sawa. Ndiye niliyekuwa nimemfuata.