Dume la Mng'ongo

Nina hasira, na sitaki mtu anitulize. Mama yangu Kwandu alipanda mng'ongo, Ngulyati nzima ikamcheka. Mti wa porini, kokwa ikitemwa na mbuzi inaota yenyewe, nani anaupanda? Mama akapanda miwili kando ya shamba la pamba, akaizungushia miiba, akaimwagilia maji ya kubeba kichwani. Mmoja ukazaa. Mwingine ukatoa maua tu, mwaka hadi mwaka.

Ng'ongo hazichumwi. Zinadondoka mbichi, unaziokota, unazifunika kwa majani makavu mpaka ziwe njano. Mwezi wa pili, ghala likiwa tupu, ndizo zilizotulea sisi watano. Tulifyonza nyama yake chachu, mama akabanja kokwa kwa jiwe, akatwanga viini, akaungia mlenda. Mpaka leo hakuna chakula anachokisubiri kama hicho.

Mwaka juzi mama aliugua, nikampeleka hospitali Somanda, akalazwa wiki mbili. Huku nyuma baba mdogo Masalu alitaka kuni za kuchomea matofali. Akaukata ule usiozaa, akang'oa hadi kisiki. Mama aliporudi hakusalimia mtu. Alisimama kwenye shimo, akapiga yowe kama kuna msiba.

"Masalu! Umeua dume!"

"Dume gani, shemeji? Mti haujatoa hata tunda moja!"

"Na wewe umezaa mara ngapi? Mbona nyumbani kwako kuna watoto saba?"

Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka.

Vuli ile jike likachanua, maua yakapukutika, chini hatukuokota kitu. Mwaka uliofuata vilevile. Dume lingine la karibu hakuna, yote yameishia kwenye mkaa. Nimemtukana Masalu kisimani, nimemtukana mnadani, nimemwita mpumbavu mbele ya wakwe zake.

Lakini Masalu aliniuliza kwanza. Alinipigia simu nikiwa wodini, nimechoka, nikamjibu, "Kata bwana, mti mgumba wa nini?" Matusi yote hayo ameyameza, hajanitaja. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi!

Sasa mama amepanda mbegu sita. Dume hatutalijua mpaka miche itoe maua, miaka saba, minane. Yeye ana sabini na tisa. Kila jioni ananiuliza kutoka kitini kwake:

"Felisita, umeipa maji?"

"Nimeipa, mayu."

"Asante, mwanangu. Wewe usingenifanyia alivyonifanyia Masalu."