Rubani wa Majengo

Evodia alikuwa muuza dagaa pale Majengo, Sumbawanga, na harufu ya dagaa wa Kirando, kule ziwani, ilikuwa imemkolea mwilini. Hata Jumapili, akiwa ameoga kwa sabuni ya kunukia na kuvaa kitenge cha kwaya, paka wa paroko alimfuata mpaka mlangoni mwa kanisa. Waimbaji wenzake walimtania, naye alicheka. Mwanamke anayesomesha mtoto peke yake hana muda wa kuona haya kwa sababu ya harufu. Alichomwomba Mungu ni kimoja tu: binti yake Zita, aliyekuwa kidato cha tatu, amalize shule.

Simu ya kugusa aliinunua kwa ajili ya biashara, watu wa Kirando wamtumie picha za dagaa kabla hawajapakia. Zita ndiye aliyemfundisha kuitumia. Alijifunza kutuma, akajifunza makundi ya WhatsApp, na hapo akaridhika. Kufuta hakujifunza.

Mwaka huo, mvua zilipokaribia kwisha, mama yake Evodia, Bibi Rozina, alikuja kutoka kijijini Mwimbi kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda kote kuwili, watu anawatambua kwa sauti. Zita alikwenda kumpokea stendi akiwa na sare za shule, akafanya alivyolelewa. Alipiga magoti kwenye vumbi, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu huku akimsalimu bibi yake kwa Kifipa. Bibi aligeuza sikio kuyafuata yale makofi, akacheka kwa furaha, naye akajibu kwa makofi. Huku kwetu hiyo ni salamu tu, hakuna anayegeuka kuiangalia.

Aliyegeuka ni Modesti, mwanafunzi wa darasa moja na Zita, akiwa na simu mkononi. Naye ni Mfipa, mama yake hupiga magoti na makofi hayo hayo. Alirekodi video, akaitoa sauti ya salamu, akaitia giza na muziki wa filamu za kutisha, akairusha mtandaoni na maneno haya chini yake: "Bibi akimkabidhi mjukuu ungo." Mnajua jinsi mji wetu unavyosemwa, kwamba wachawi wake husafiri usiku kwa ungo. Mgeni akisikia tu Sumbawanga anauliza kama nauli ya ungo imepanda, nasi tunacheka naye ili mazungumzo yaishe. Utani huo umetuchosha miaka yote, na sasa mtoto wetu wenyewe ndiye aliyeukoleza chumvi.

Zita akapewa jina jipya shuleni. Rubani.

"Rubani, mambo? Leo unapaa saa ngapi?"

"Mwache mshikaji, anasubiri bibi awashe injini."

Maneno hayo yalimfuata mpaka nyumbani, ndani ya simu yake, kutoka kwa namba asizozijua. Akaanza kuumwa kichwa kila asubuhi, kisha tumbo, na mwisho akakataa kabisa kuvaa sare. Evodia alipombana aseme, alimnyooshea simu huku uso kaugeuzia ukutani.

Evodia aliitazama ile video, akapandwa na hasira. Hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wala kwa jirani. Alifanya kile alichofundishwa na mwanawe. Aliituma video kwenye kundi la kwaya, kundi la wazazi na kundi la wauza dagaa wa Kirando, na chini yake akaandika: "Ndugu zangu, nawaomba kwa jina la Yesu msisambaze video hii. Huyu ni mwanangu Zita, siyo mchawi."

Watu wakamjibu kwa vijipicha vya mikono ya kuombea. Wengine wakaisambaza.

Siku iliyofuata alifunga meza yake ya dagaa, akaenda shuleni kwa mwalimu wa malezi, Mwalimu Leonidas. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaipangusa miwani yake.

"Mama Zita, Modesti nitamwita, na mzazi wake nitamwita," alisema. "Lakini video ilivyotoka mara ya kwanza ilikuwa na giza, sura haionekani vizuri. Nje ya darasa lao, wengi hatukujua ni nani."

"Sasa mmejuaje, mwalimu?"

"Mke wangu yuko kwaya, mama. Umeandika jina."

Evodia aliaga akatoka. Alirudi kwa miguu, na njiani wanawake wawili walimpa pole kwa matatizo ya Zita, wanawake ambao juzi tu hawakujua kama ana mtoto. Alichoka, jamani. Alishawahi kubeba magunia ya dagaa akiwa na mimba, lakini uchovu wa njia ile ulikuwa mwingine.

Jioni alimweleza Zita ukweli wote na kumwomba msamaha. Zita hakulia. "Nilishaiona, mama," alisema. "Nilijua hukujua."

Modesti aliletwa na baba yake, akasema ulikuwa utani tu, akachapwa kibao mbele ya watu, mambo yakaisha upande wao. Zita alirudi shule. Ukimuuliza Evodia, atakwambia Mungu alimjibu, maana mtoto alimaliza na cheti anacho. Hasemi zaidi, na mimi simlaumu.

Ila mimi niliwahi kuwa pale kwake siku Bibi Rozina alipokuja tena, jicho moja bado linasubiri daktari na lile lililotibiwa halijamsaidia sana. Safari hii Zita hakwenda stendi. Alimsubiri ndani. Bibi alipokwisha kukaa, Zita aliufunga mlango, akashusha pazia, akatutazama mikononi mmoja mmoja kama kuna mwenye simu. Ndipo akapiga magoti. Alileta viganja pamoja taratibu, kama alivyolelewa, lakini havikugusana. Midomo ilicheza bila sauti.

Bibi alikaa ametega sikio, viganja vyake viko tayari mapajani. Alisubiri. Kisha akageukia upande wa Evodia.

"Mwanangu," akauliza, "mjukuu wangu hayupo leo?"