Kiapo cha Wifi Yangu Mwongo

Wifi yangu ni mwongo, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ni dada wa mume wangu, fundi wa nguo za kike, na akishika mkasi hata kitambaa kibovu kinapata adabu. Tatizo ni tarehe. Mteja akiulizia gauni lake, wifi humwambia limebaki pindo tu, kumbe kitambaa bado kimekunjwa ndani ya mfuko ambamo kililetwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya wifi ina kona nyingi na zote anazijua. Si mtu mbaya. Hawezi tu kuvumilia kuona uso wa mtu ukinyong'onyea mbele yake.

Sasa sikia maajabu. Jumapili mchana wifi huondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akachomoa waya wa pasi, tukakaa wanne kucheza. Ni mchezo wa kusimuliana. Mume wangu ndiye mwongozaji: anaieleza dunia yenye majoka na wafalme waovu, na sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake na anaamua atende nini. Penye shaka, dadu huamua. Mimi ni mwizi, na wizi wangu naufurahia. Fundi saa wa duka la jirani ni mchawi. Na wifi, huyu huyu, ni shujaa mtakatifu aliyekula kiapo: hasemi uongo, hamtupi mnyonge. Akikivunja, nuru iliyomo kwenye upanga wake inazimika na hairudi tena.

Siku alipomchagua shujaa huyo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

"Wifi," aliniambia, "nataka pawe na mahali pamoja ambapo nikisema neno, mtu analiamini."

Basi shujaa huyo amemtunza kama mboni ya jicho.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumewaficha watoto wa kijiji kilichochomwa moto ndani ya kinu cha kusagia nafaka. Mwizi wangu alikuwa humo humo, mguu umevunjika, anasubiri nuru ya upanga imponye. Mara askari wa mfalme wakafika. Mume wangu akakaza sauti, akawa jemadari wao.

"Wewe uliyesimama mlangoni! Watoto wamo humo?"

Akikana, nuru inazimika na mguu wangu ndio basi tena. Akikubali, tumekwisha.

"Muulize, 'Watoto gani?'" fundi saa akanong'ona. "Swali si uongo, dada."

"Au mwambie asubuhi hukuona mtoto yeyote hapa," nikadakia. "Ni kweli kabisa! Wameingia mchana!"

Wifi akapiga meza, pini zikaruka.

"Mnanifundisha mimi? Mimi? Hiyo si ndiyo kazi yangu kila siku! Namwambia mtu, 'Nguo yako ninayo hapa mikononi,' na ni kweli ninayo, lakini sijaigusa. Anaondoka anatabasamu, na nimemdanganya. Uongo uliovaa vizuri naujua, jamani, mimi ndiye ninayeushonea!"

"Kiapo kinasema usiseme uongo," fundi saa akabisha. "Kimeishia hapo."

"Kaka, amua wewe," wifi akamgeukia mume wangu.

"Shujaa ni wako," akajibu. "Wewe unakielewaje kiapo chako?"

Wifi akasimama kabisa, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Wamo humu," akamwambia jemadari. "Wote. Na hapa hupiti."

Weee! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Upanga ukawaka. Kwanza akanigusa mguu, nikasimama mzima, kisha akarudi kuuziba mlango kwa mwili wake. Dadu ya pande ishirini ikaanza kuruka mezani. Akapata kumi na tisa, askari wa mbele chini! Mchawi wetu akawasha moto uani, mimi nikawa nawapitisha watoto dirisha la nyuma, mmoja mmoja, mikono nimeikunja kifuani kana kwamba kweli nimewabeba. Lakini askari walikuwa wengi kama siafu. Wifi akachomwa mkuki, akachomwa tena. Sote tukaona mlangoni pale hatoki akiwa hai.

Akabaki binti mdogo mmoja ndani ya kinu. Mume wangu akalainisha sauti, akawa huyo binti.

"Sitoki mpaka useme unakuja nyuma yetu. Unakuja?"

"Mwambie unakuja!" nikafoka. "Wifi, huyu mtoto atakufa!"

"Huo ni uongo wa huruma," fundi saa akasema. "Hata mtakatifu anaruhusiwa."

Wifi akainua uso. Uso ule naujua: ndio anaouvaa yeye mteja anaposimama mlangoni na macho ya matumaini, na jibu tamu limeshafika ulimini. Midomo ikafunguka, ikafungwa. Nilitaka adanganye, Mungu anisamehe, nilitaka kwa moyo wangu wote.

"Hapana, mwanangu," akasema polepole. "Siji. Ila hakuna atakayewafuata kupitia hapa ukiwa bado unakimbia. Hilo nakuahidi."

Mume wangu hakurusha dadu. Alimtazama dada yake, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mtoto analia. Lakini anakuamini. Anaruka dirishani."

Wifi akapangusa machozi kwa futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akanyoosha kiganja mezani.

"Haya, nipe dadu," akasema. "Mtoto hajafika mbali."